Pesa ya mwanafunzi inafika baada ya mtihani, huu ni msaada gani jamani??

Wakuu poleni na kazi. Naandika nikiwa na hasira na sitaki mtu aniambie nitulie kwanza. Nataka yeyote anayejua hizi pesa za wanafunzi wa yunivasiti hapa Uganda zinavyotembea anieleze kitu kimoja tu: kama mfadhili amekubali kulipa, na chuo kinajua amekubali, barua ipo, muhuri upo, sahihi ipo, kwa nini mtoto ndo anazuiwa mlangoni pa mtihani? Si walioandikiana barua ni wao wawili?

Mdogo wangu wa kike yuko mwaka wa pili, anasoma kozi ya sayansi, katoka huku kwetu West Nile. Chuo sikitaji na mfadhili simtaji, mnisamehe, mtajua sababu. Sasa kila semesta ni wimbo ule ule. Semesta inaanza, mtoto anaingia kwenye sistimu ajisajili, sistimu inamwonyesha deni lote kama vile hana mtu duniani. Anaenda dirisha la akaunti anaambiwa mwambie mfadhili wako alete pesa. Anampigia mfadhili, wanasema sisi tunangoja chuo kitutumie orodha ya waliosajiliwa ndo tulipe. Mmesikia hapo? Chuo hakimsajili mpaka pesa ije, na pesa haiji mpaka awe amesajiliwa. Halafu wote wawili wanaongea kwa upole kabisa, hakuna anayekufukuza, kila mtu anakuelekeza kwa mwenzake.

Nikasema wacha niende mwenyewe, nikapanda basi la usiku nikashuka asubuhi nikaenda moja kwa moja. Foleni ya wanafunzi imetoka nje ya jengo, dirisha lina nondo, juu yake wamebandika karatasi kwa selotepu eti hakuna kadi ya mtihani kwa mwenye deni. Nikafika kwa kijana wa ndani, si mtu mbaya, akanigeuzia kompyuta nione kwa macho yangu. Mstari wa tuisheni, mstari wa maktaba, matibabu, gildi (chama cha wanafunzi), kitambulisho, maendeleo (maendeleo ya nani sijui), ile 20,000 ya NCHE (baraza la taifa la elimu ya juu) ya kila mwaka, na kwenye safu ya malipo sifuri sifuri sifuri mpaka chini, isipokuwa hiyo 20,000 kwa sababu hiyo nilituma mimi kwa mobail mani. Nikatoa barua ya mfadhili nikampa. Akaisoma yote, kweli aliisoma mpaka mwisho, akaikunja vizuri akanirudishia, akasema "Muzee, sistimu haisomi barua."

Nikabaki nimesimama pale kama mjinga. Maana kasema kweli! Sistimu inasoma PRN tu. Kwa wasiojua, vyuo vya serikali siku hizi huwezi kwenda benki ukasema nalipia fulani, lazima utoe namba ya malipo ya URA (mamlaka ya kodi) kwanza, hiyo PRN, ndo benki ipokee, na hiyo namba ina siku zake, zikipita imekufa unatoa nyingine. Sasa mfadhili analipia wanafunzi wengi kwa mkupuo, pesa inaingia kama furushi moja, halafu lazima mtu akae chini aigawe jina kwa jina mpaka ionekane kwenye akaunti ya kila mtoto. Huyo mtu ndo hakai chini! Pesa inaweza kuwa imeshafika kwenye chuo, imelala, na mtoto bado anasoma deni kwenye simu yake. Semesta iliyopita ndo hivyo ilivyokuwa, ilionekana kwenye akaunti yake wenzake wakiwa wameshafunga mabegi wanarudi makwao. Karatasi mbili hakuandika. Sasa anatakiwa kuzirudia, na kurudia kunalipiwa, na mfadhili anasema mkataba wetu haulipii ritaki. Kwa hiyo nani analipa? Mimi hapa. Nalipa faini ya uchelewaji wa watu wenye mishahara.

Na msidhani ni mfadhili mmoja tu mwenye hii shida ndo maana nimekuja hapa. Angalieni mpango mzima ulivyokaa.

Kuna ule ufadhili wa serikali, nafasi kama 4,000 kwa mwaka kwa vyuo vyote vya umma, Makerere, Kyambogo, Gulu, Mbarara, Busitema, Muni ya hapa kwetu na wengine. 4,000 kwa nchi ambayo watoto wanaoandika UACE (mtihani wa kumaliza S6) kwa mwaka wamepita laki moja. Wengi wa hizo nafasi wanapewa wenye pointi za juu kabisa, na pointi za juu mnajua zinatoka wapi, zinatoka kwenye mashule ya Wakiso na Kampala na Mukono ambako ada ya tam moja inaweza kumaliza ng'ombe wa mtu. Yaani mzazi aliyekuwa na uwezo wa kulipia shule ghali miaka 6 ya sekondari ndo serikali inamwambia pumzika baba, yunivasiti tunakulipia sisi. Na yule aliyesoma shule ya USE (sekondari ya bure ya serikali) huku kijijini, walimu wawili wa sayansi kwa shule nzima, akapata prinsipo zake (masomo aliyofaulu vizuri S6) mbili tatu kwa jasho, huyo anaambiwa hongera, nenda kajilipie.

Najua mtasema kuna kwota ya wilaya. Ipo, tangu 2005, na nia yake ilikuwa nzuri sikatai, kila wilaya ipate chake kulingana na watu wake. Lakini nani hajaona kijana aliyezaliwa na kukulia Kampala, hata lugha ya babu yake hajui, ikifika wakati wa fomu anakumbuka ghafla kwao ni huku, anakuja na barua ya LC1 (uongozi wa kijiji) mpya kabisa wino haujakauka? Mi nimemwona mmoja kwa macho, mwenyekiti alimsainia juu ya boneti ya gari la baba yake. Mtoto wa huku aliyekaa hapa siku zote anabaki anaangalia.

Haya, njoo kwenye mkopo wa wanafunzi wa serikali. Sheria yake ilipita 2014 na wanafunzi wa kwanza wakaanza mwaka wa masomo wa 2014/15, na mi nilikuwa mmoja wa waliofurahi, nikasema sasa mtoto wa maskini amepata pa kushika. Mkopo unalipa tuisheni, zile ada ndogondogo za chuo, pesa ya utafiti, na vifaa vya wenye ulemavu (hili la vifaa napiga makofi, ni jambo zuri). Pesa inaenda moja kwa moja kwa chuo, mwanafunzi haishiki. Ukimaliza masomo unapewa mwaka mmoja wa kutafuta kazi halafu unaanza kurudisha. Kwenye karatasi ni safi. Lakini sehemu kubwa ya kozi zake ni za sayansi, na hapo ndo nauliza, ulishaingia kwenye maabara ya shule za huku? Maabara gani, kuna shule inafundisha kemia kwa kuchora chupa ubaoni. Mtoto wa hapo anafaulu historia na dini na Kiswahili, halafu mkopo unamwambia wewe hatukuhitaji. Serikali imeweka Kiswahili lugha rasmi ya pili, mwaka 2022 baraza la mawaziri likasema kifundishwe kwa lazima kwenye msingi na sekondari, sasa huyo mwalimu atatoka wapi kama anayetaka kukisomea hana wa kumkopesha?

Na wadhamini! Mtu asiye na chochote unamwambia alete wadhamini. Ukoo mzima mwenye kazi ya kueleweka ni mjomba mmoja, na mjomba ameshamdhamini binamu.

Lakini yote hayo ningeyameza. Kinachonichoma ni kwamba kati ya huo mkopo na wafadhili hawa wengine karibu hakuna anayehesabu kwamba mwanafunzi anakula. Mkopo haulipi chakula, haulipi kitanda. Wafadhili wengi ni hivyo hivyo, tuisheni tu basi. Tuisheni hailiwi jamani! Mdogo wangu wamepanga chumba wawili, kitanda kimoja cha ghorofa, kila mmoja laki sita kwa semesta na landiledi anataka yote mwanzoni. Chakula ni kikomando (chapati na maharage) asubuhi kama ipo, jioni posho (ugali) na maharage wanapika kwenye sigiri koridoni kwa sababu umeme wa hosteli hauruhusiwi kupikia. Nauli ya kwenda na kurudi Arua. Kutoa fotokopi, kununua data ya kusoma noti kwa sababu lekchara anatupia kila kitu mtandaoni. Hii yote ukijumlisha inakaribia tuisheni yenyewe, na hakuna fomu yoyote yenye mstari wa kuiandika. Halafu wanashangaa kwa nini watoto wenye ufadhili wanachukua dedi yeya, yaani wanasimamisha masomo mwaka mzima. Anachukua dedi yeya kwa sababu ya njaa ndugu zangu, wala si kwa sababu ya hesabu ngumu.

Kuna muzee mmoja mtaani kwetu alisoma Makerere kabla mambo hayajageuka, anasema wao walilala bure, walikula bure, na juu yake walipewa pesa ya mfukoni wakiiita boom, wengine wakawa wanawatumia wadogo zao nyumbani. Ilipoanza kukatwa wanafunzi waligoma, Desemba 1990, polisi wakapiga risasi na wanafunzi wawili wakafa. Haikupita muda, 1992 Makerere ikafungua mlango wa wanaojilipia. Waliosoma kwa boom ndo hao hao leo wakubwa maofisini wanatuambia vijana mjifunze kujitegemea. Muzee mwenyewe akifika hapo anacheka sana mpaka anakohoa.

Msije na "afanye kazi huku anasoma". Anafanya, anasuka nywele za wenzake wikendi, ndo anapata ya sabuni. Na msije na "si mngeuza shamba". Tuliuza, la baba, wakati wa S5 na S6. Tena wewe unayetaka kuandika hivyo najua uko Ulaya.

Nachotaka ni kitu kidogo sana na hakihitaji bajeti ya bunge. Chuo kikipokea barua ya mfadhili, kiweke kwenye sistimu kwamba huyu ana mfadhili, asajiliwe, apewe kadi, aandike mtihani, halafu kidai pesa yake kwa huyo mfadhili, na kama kinaogopa si kishike matokeo au transkripti mpaka kilipwe? Transkripti anaihitaji baada ya miaka mitatu, mtihani anauhitaji wiki ijayo. Na mfadhili naye alipe kwa orodha ya semesta iliyopita, akikuta kuna aliyeacha arekebishe baadaye. Hiyo nayo inahitaji kamati?

Mtihani unaanza Jumatatu. Kwenye simu yake bado ni deni. Nimeambiwa niandike barua kwa bursa (mkuu wa fedha wa chuo), mwingine akasema hapana andika kwa rejista na nakala kwa din wa fakalti, mwingine akasema usiandike tafuta mtu wa ndani. Kama kuna aliyepitia hii na mtoto wake akaruhusiwa, niambie uliandika kwa nani na ulisema nini, hata hapa hapa weka. Gildi tumejaribu, rais wa gildi yuko kwenye kampeni za mtu mwingine hapokei simu.

NYONGEZA: mnaoniuliza chuo gani, nimesema sisemi, mtoto bado yuko ndani na jina lake liko kwenye kompyuta ya yule kijana. Anayejibu kuhusu siasa za vyama nenda uzi mwingine. Na wewe kaka uliyesema ofisi moja huwa inatoa barua ya ruhusa ya muda kwa wenye ufadhili, tafadhali rudi useme inaitwaje hiyo fomu na inafungwa saa ngapi Ijumaa.