Tupeane uzoefu: wiki sita za kwanza mtoto anapoanza dawa ya ADHD

MamaWawili (mleta mada)

Wazazi wenzangu, habarini. Uzi huu ni wa mzazi aliyetoka kliniki leo na pakiti ya vidonge mkobani, moyo unamdunda. Tuweke mambo ya vitendo, yanayofanyika nyumbani. Lawama tuziache nje. ADHD, hali ya mtoto kushindwa kutulia na kuzingatia, hailetwi na malezi mabaya, na dawa siyo adhabu.

Naanza na daftari, maana hapo ndipo wengi wanapojikwaa. Kabla ya kidonge cha kwanza, andika siku saba za mtoto bila dawa: kalala saa ngapi, kala nini, kaumwa kichwa au tumbo mara ngapi. Kuna watoto wanaolalamika tumbo miaka yote, na pasipo kumbukumbu hiyo kila kitu kitasingiziwa dawa. Kisha chagua mambo matatu tu ya kufuatilia, yanayoonekana kwa macho: kuvaa sare bila kukumbushwa, kukaa dakika kumi kwenye hesabu, ugomvi na wenzake. Kila jioni toa alama, 0 hadi 3. Mstari wa siku moja uwe hivi:

*Jumanne. Mg 5 saa 1:10 asubuhi, baada ya uji na yai. Mg 5 saa 6:30 mchana. Sare 2, hesabu 1, ugomvi 0. Chakula cha mchana nusu sahani. Kalia saa 11 jioni, dakika 20. Kalala saa 4 usiku.*

Mistari kumi ya namna hiyo inamsaidia daktari kuliko kumwambia "anaendelea vizuri".

Jambo lingine, lisemwe hata usipoulizwa: kama kwenye ukoo kuna aliyekufa ghafla kabla ya miaka 40, au mtoto amewahi kuzimia akikimbia, mwambie daktari kabla ya kuanza. Dawa hizi huongeza mapigo ya moyo na presha kidogo. Kwa hiyo uzito, urefu, presha na mapigo vipimwe siku ya kwanza, viandikwe kwenye daftari lilelile.

MfamasiaPwani

Asante mleta mada. Tutenganishe dawa, maana watu wanazichanganya kisha wanashangaa.

Methilfenideti ya muda mfupi, mfano Ritalin ya mg 10, huanza kufanya kazi ndani ya nusu saa hivi na kuisha baada ya saa tatu au nne. Ukimpa saa moja asubuhi, saa tano imeshakwisha. Ndiyo maana mwalimu anasema "asubuhi alikuwa sawa, baada ya mapumziko ameharibika". Dawa haijashindwa hapo, muda wake ndio umeisha. Kwa mtoto wa miaka 6 na kuendelea, kawaida daktari huanza na mg 5 mara moja au mbili kwa siku, kisha anapandisha mg 5 hadi 10 kwa wiki, jumla isizidi mg 60. Kupandisha ni kazi ya daktari, tafadhali. Usiongeze kwa sababu wiki ya kwanza hujaona kitu. Dozi ya kuanzia huwa ndogo makusudi.

Ya muda mrefu, mfano Concerta, huanzia mg 18 na hudumu saa kumi hadi kumi na mbili. Haikatwi, haitafunwi, haisagwi. Ukiivunja, dozi ya siku nzima inamwingia mtoto kwa mkupuo. Na msitishike mkiona kidonge kizima chooni: lile ni ganda tupu, dawa yake imeshatoka kupitia kitundu kidogo.

Atomoksetini ni ukoo mwingine. Hupimwa kwa kilo, kuanzia mg 0.5 kwa kilo kwa siku hadi karibu mg 1.2. Mtoto wa kilo 25 anaanza karibu na mg 12, lengo ni kama 30, na daktari atachagua kapsuli iliyo jirani. Matokeo yake kamili huchukua wiki nne hadi sita. Wanaoiacha wiki ya pili wanaiacha kabla haijaanza kazi. Kapsuli isifunguliwe, unga wake unawasha macho.

Sasa hili la malaria, ambalo kwetu ni la kila msimu. Dawa mseto ya ALu ina lumefantrini, ambayo inaweza kupunguza kasi ya mwili kuondoa atomoksetini, na zote mbili zinaweza kugusa mwenendo wa umeme wa moyo. Malaria lazima itibiwe, hakuna mjadala. Ila mwambie anayekuandikia kwamba mtoto yuko kwenye atomoksetini, aamue la kufanya. Vilevile dawa za mafua zenye pseudoefedrini zinapandisha presha. Uliza dukani kabla ya kununua. Chai ya rangi na soda za kola nazo zina kafeini, kwa hiyo jioni mpe maziwa au maji.

Kuhusu upatikanaji: maombi ya kuiingiza methilfenideti kwenye orodha ya dawa muhimu ya WHO yalikataliwa 2019 na tena 2021, na huku kwetu usitegemee kuikuta kila duka. Pia iko chini ya mkataba wa kimataifa wa 1971 wa dawa zinazoathiri akili, hivyo inauzwa kwa cheti tu. Vikibaki vidonge vya siku kumi, anza safari ya kutafuta. Nyumbani, sanduku lenye kufuli, sehemu isiyo na joto, na kila Jumapili uvihesabu.

BabaMapacha

Naongezea upande wa sahani. Hamu ya kula inapotea mchana, hilo litegemeeni. Chakula kizito kije kabla ya kidonge: uji wa ulezi wenye karanga na maziwa, yai, kipande cha parachichi. Mtoto akila kwanza kisha akameza, umeshaokoa nusu ya siku. Mchana usimlazimishe amalize, mpe kidogo. Njaa inarudi jioni, mara nyingi saa moja au mbili usiku, kwa hiyo weka sahani yake kando, na kabla ya kulala ndizi au kikombe cha maziwa. Apimwe uzito mara moja kwa wiki, mizani ileile, asubuhi. Kliniki, watoto wa miaka 10 na chini wapimwe uzito kila miezi mitatu, na urefu kila miezi sita. Mstari wa uzito ukianza kushuka, usisubiri tarehe ya miadi.

Dada_Muuguzi

Kile kilio cha saa 11 jioni kwenye daftari la mleta mada kina sababu yake: dawa inatoka mwilini na zile dalili zinarudi kwa kishindo, dakika 30 hadi saa moja. Hapo siyo muda wa hesabu wala wa kufokeana. Mpe kitu cha kula, mwache acheze nje, kazi za shule zifanyike kabla au baadaye. Ikizidi, daktari anaweza kubadili muda au aina ya dawa.

Tofautisheni hilo na mtoto aliyenyamaza mchana kutwa, hacheki, anatazama ukuta. Wapo ndugu watakaosifu: "Siku hizi ametulia!" Huo siyo utulivu. Mara nyingi dozi imezidi, mpigieni daktari ipunguzwe. Mtoto aliyepata dozi yake bado ni yuleyule, ucheshi wake ni uleule, ila anamaliza alichoanza.

Usingizi ukigoma, tazameni kwanza saa ya dozi ya mwisho. Dozi ya asubuhi ikisahaulika na mchana umeingia, ile ya muda mrefu iache hadi kesho. Usimpe mbili kufidia.

Za kukimbilia hospitali: maumivu ya kifua, kuzimia, kuona au kusikia visivyokuwepo, maneno ya kutaka kujiumiza. Kwa atomoksetini, pia macho ya njano au mkojo mweusi. Mapigo yahesabuni mtoto akiwa amepumzika, sekunde 60 kamili. Yakikaa juu ya 120, mjulisheni daktari siku hiyohiyo.

MwlDarasaLaPili

Mzazi, mwalimu asipojua, hatakusaidia. Dozi ya mchana isikae kwenye begi la mtoto kamwe, itagawiwa kama pipi. Ikabidhiwe mtu mmoja kwa jina, mwalimu wa afya au matroni, yenye lebo ya mtoto, pamoja na karatasi ya kusaini kila siku. Na asiitwe mbele ya wenzake "njoo unywe dawa". Atumwe kupeleka daftari ofisini, akamezee huko.

BintiMombasa

Na Ramadhani? Mtoto ana miaka 11, anataka kufunga kama kaka zake.

MfamasiaPwani

Dada, ambaye hajabaleghe hajalazimika. Akitaka kujizoeza, ongea na daktari wiki mbili kabla. Ya muda mfupi haifai, dozi ya mchana haimezeki. Ya muda mrefu akiimeza na daku saa kumi alfajiri, itaisha kati ya saa nane na saa kumi alasiri, na yale masaa hadi futari yatakuwa magumu. Hatari hasa ni kuishiwa maji mwilini, na kwa vile dawa inaficha njaa, mtoto hasemi. Anywe ya kutosha usiku, na kizunguzungu kikija afuturu palepale.

MamaWawili

Bibi akiuliza kwa nini mtoto anapewa "dawa za wazimu", msibishane naye. Mfungulieni daftari, ukurasa wa kabla na wa wiki ya sita, mumsomee. Na mtoto mwenyewe aambiwe kwa maneno yake: "Dawa hii inakusaidia kukaa na kazi hadi iishe. Ikikufanya ujisikie vibaya, niambie, tutamwambia daktari." Kisha muulizeni kila jioni amejisikiaje, na jibu lake liandikwe kwanza, juu ya alama zote.