Goku anauawa na mbwa mwitu: niendelee na The Legacy of Goku ya kwanza au nirukie ya pili?

njia_ya_nyoka

Habari zenu wakuu. Naomba ushauri wa mliocheza gemu za Dragon Ball Z, ile anime ya Kijapani ambayo shujaa wake ni Goku, kwenye Game Boy Advance (GBA), mashine ya mkononi ya Nintendo, maana nimekwama na roho inaniuma.

Nimepata kaseti iliyotumika, ile yenye The Legacy of Goku mbili kwa pamoja, ya kwanza ya 2002 na ya pili ya 2003. Nimeitafuta muda mrefu sana. Mimi na kaka yangu tumekua na Goku. Kaka ndiye aliyekuwa akitangulia kuangalia, na kipande nilichokikosa alinisimulia usiku taa zikiwa zimezimwa, anapiga ngumi hewani hadi kitanda kinatikisika. Njia ya Nyoka niliijua kwa mdomo wake kabla sijaiona kwa macho: kilomita milioni moja, Goku ameshakufa na bado anakimbia, anakwenda kwa Kaio wa Kaskazini, mungu wa ahera, kufundishwa kwenye kisayari ambacho uvutano wake ni mara kumi ya Dunia.

Basi nikaanza na ya kwanza. Hadithi inaanzia kwa Raditz, kaka yake Goku, hadi sayari ya Namek kwa Frieza, adui mkuu, yaani sehemu ninayoipenda kuliko zote. Goku unamtazama kutoka juu, anatembea msituni. Akatokea mbwa mwitu. Nikabonyeza ngumi. Mkono wa Goku ni mfupi kiasi kwamba ili umpate mnyama lazima umsogelee mpaka mgusane, na mkigusana yeye ndiye anayewahi kukung'ata. Nikarudi nyuma, nikasogea, nikang'atwa tena. Nikafa. Kabla sijamwona Raditz nimekufa mara nne, zote kwa wanyama.

Ugumu hauniudhi, nimecheza gemu ngumu kuliko hii. Linaloniuma ni kwamba huyu ni mtu ambaye kabla hadithi hii haijaanza alishamshinda Piccolo Daimao, mfalme wa mashetani, akachukua na ubingwa wa mapigano wa dunia. Halafu anaangushwa na mbwa mwitu! Hata kuruka kumewekewa kipimo. Kinapungua, kikiisha unarudi chini. Kuruka, jambo ambalo kwenye anime wanalifanya huku wanapiga soga.

Na kuna kitu kikubwa zaidi. Goku nilimpenda kwa sababu akishindwa anakwenda kujifua, na sisi tunaonyeshwa anavyojifua. Ndani ya meli ya kwenda Namek anafika kwenye uvutano mara mia, anavunjika, anapona, anaanza upya. Anaposhuka na kuwakabili kikosi cha Ginyu, wapiganaji wa Frieza, unajua nguvu ile imetoka wapi. Kwenye gemu hii unapanda leveli, namba inabadilika, lakini mkono ni ule ule mfupi na wasiwasi wa kumsogelea adui ni ule ule. Sijahisi hata mara moja kwamba nimekuwa na nguvu.

Maswali yangu: kuna namna ya kuicheza ambayo sijaijua? Nivumilie hadi Namek, au niende moja kwa moja ya pili? Kaka anakuja mwisho wa mwezi na nataka tucheze kwa zamu. Sitaki nimkabidhi kitu kitakachomvunja moyo.

---

betri_mbili

Pole mkuu. Tatizo si wewe. Niliicheza kwenye GBA ya mwanzo kabisa, ile ya 2001 isiyo na mwanga kwenye kioo, betri mbili za AA, nimeinamia taa ya mezani ili nimwone Goku yuko wapi. Na mimi niliumia hivyo hivyo.

Kwa sasa fanya hivi: acha ngumi. Rusha ki, ile nguvu ya mwili inayotoka mkononi, ukiwa mbali, rudi nyuma, rusha tena, usisimame sehemu moja. Ukishapata Taiyoken, ule mwanga mkali, wapofushe kwanza, na wakiwa wamesimama hawaoni ndipo uwasogelee uwapige. Kamehameha, mwali wake mkubwa wa ki, itunze kwa mabosi. Usipigane na kila mnyama unayemwona pia, wengine wapite tu.

Ila nikwambie ukweli, hapo utashinda bila kufurahia. Unakuwa mtu wa kuvizia na kukimbia, na Goku hapigani hivyo.

Watu wengi huilaumu GBA, eti kioo kidogo, nukta 240 kwa 160, vitufe vichache. Hilo silikubali hata kidogo. Kifaa ni hicho hicho na watengenezaji ni wale wale waliotoa ya pili mwaka mmoja baadaye, na ni kama imetoka kwa watu wengine. Wahusika wamechorwa upya wakawa na umbo. Ngumi inafika. Ukishikilia kitufe unakusanya nguvu na kupiga pigo zito, adui anarushwa. Unacheza na wenzake Goku, yaani Gohan, Piccolo, Vegeta na Trunks, unawabadilisha kwenye sehemu za kusevu, na kila mmoja ana leveli yake. Halafu kuna vizuizi vyenye sura ya mhusika na namba: ufike leveli hiyo ndipo upite. Unakiona kizuizi mapema, unashindwa, unaondoka, unajifua, unarudi. Ile hisia ya kujifua uliyoisema waliipata hapo.

Nenda ya pili.

---

mwanafunzi_wa_roshi

Namheshimu betri_mbili lakini napingana naye. Usiiruke ya kwanza.

Ya pili inaanza Trunks anapokuja kutoka wakati ujao na inaishia kwa adui anayeitwa Cell. Nzuri, sibishi, nimeimaliza mara mbili. Lakini Namek haimo humo, na wewe umetuandikia kwamba Namek ndiyo roho yako. Kwenye ya kwanza, pamoja na ubovu wake wote, utamfikia Frieza ukiwa Goku. Mimi nilifika pale mikono ikiwa na jasho, na sikumbuki tena mbwa mwitu walinitesa kiasi gani.

Jambo moja nalikubali: waliotengeneza walichukua matukio ya hadithi wakadhani wameichukua hadithi. Ukimpa mchezaji Raditz, kisha Vegeta, kisha Frieza kwa mpangilio sahihi, bado hujampa Goku. Goku yumo kwenye namna ngumi inavyotua.

Ukitaka kuona ninachosema, itafute Dragon Ball: Advanced Adventure, ni ya GBA pia, iliyotengenezwa na kampuni ya Dimps na kutoka Japani 2004. Hiyo ni ya Goku mdogo, mwenye mkia na fimbo yake ya Nyoibo inayorefuka, mpaka anapopigana na Piccolo Daimao. Unamtazama kwa ubavu, anakimbia, anaruka, anamrusha adui juu na kumfuata huko huko hewani. Ndani ya dakika mbili unajua huyu mtoto ni nani, na hajasema neno.

---

njia_ya_nyoka

Asanteni sana wakuu. @betri_mbili, nimejaribu hiyo ya kurusha na kurudi nyuma, nimempita Raditz jana usiku. Nilishinda kweli, lakini nilikuwa nazunguka naye uwanjani kama tunatafutana. Kwenye anime pambano lile Goku anamkumbatia kaka yake kwa nyuma ili Piccolo awatoboe wote wawili. Ukitoka kule kuzungukazunguka ukakumbuka kwamba mwisho wake ni mtu kutoa uhai wake, moyo unakataa.

@mwanafunzi_wa_roshi, hiyo sentensi ya ngumi inavyotua nimeisoma mara tatu.

Niulize jingine: hivi gemu za anime za mkononi zote zina ugonjwa huu? Maana nina DS pia, mashine nyingine ya Nintendo, na naogopa kununua tena.

---

kijani_cha_konoha

Hapana, usiogope. Kama una DS tafuta Jump Super Stars ya 2005. Ilitoka Japani tu, lakini kaseti za DS hazikufungiwa nchi, inawaka kwenye mashine yoyote ya DS. Kijapani usikiwaze sana, menyu utazizoea.

Watengenezaji wake walikuwa na wahusika kutoka manga (vitabu vya katuni vya Kijapani) nyingi za jarida la Jump, Goku, Luffy na Naruto wakiwemo, na wakatafuta namna ya kuutumia ukurasa wenyewe wa manga. Kioo cha chini ni ukurasa, na unaupanga kwa vijisanduku vya picha. Kijisanduku kidogo kinampa mhusika kazi ya kusaidia tu, kikubwa kinamleta apigane. Nafasi kwenye ukurasa haitoshi kuweka wote unaowapenda, kwa hiyo unakaa unapanga na kupangua. Ukiwa vitani unagusa kijisanduku, mhusika anaingia. Nilikuwa natumia muda mrefu kupanga kurasa kuliko kupigana, na sijutii.

Waliotengeneza walijua kitu walichokishika mkononi. Kwenye ile ya 2002 ungeweza kumwondoa Goku ukamweka mtu yeyote mwenye kuvaa nguo ya rangi ya chungwa, na usione tofauti.

---

njia_ya_nyoka

Narudi kuwapa mrejesho, maana mmenisaidia.

Kaka amefika. Nilikuwa nimeshaamua kumwekea ya pili, lakini alipoiona kaseti akasema tuanze mwanzo. Nikamweleza habari ya mbwa mwitu, ki, na kutosogea karibu. Akanisikiliza, akasogea karibu, akafa. Akanirudishia.

Tukafika Njia ya Nyoka mimi nikiwa nimeshika. Kwenye gemu haichukui muda, unapita. Kaka akasema hapana, haikuwa hivi, akaanza kusimulia: jinsi Goku alivyopungukiwa nguvu, alivyodondoka njiani, alivyokuta kisayari kiko juu ya kichwa chake. Nikaacha kubonyeza. Nikaiweka pozi pale pale na kumsikiliza mpaka akamaliza, na mikono bado anaipiga hewani vile vile.

Leo asubuhi tumehamia ya pili. Tuko na Gohan mbele ya kizuizi chenye namba iliyotuzidi, kaka ameshika, amekataa kunipa zamu mpaka leveli ipande.