Goku wa Italia: sauti irithiwe na nani?

MzeeWaKatuni: Wadau, Paolo Torrisi, sauti ya Kiitaliano ya Goku mkubwa, shujaa wa katuni ya Kijapani Dragon Ball, alifariki Desemba 2005. Baadaye Goku akapewa Claudio Moneta, yuleyule aliyetoa sauti ya Kakashi wa katuni ya Naruto na ya SpongeBob. Ni haki mtu mmoja abebe wote hao? Naona Milano, wanakorekodi sauti hizo za Kiitaliano, wana uvivu.

Fundi_Sauti: Uvivu? Nimeishi Milano miaka tisa. Mwigizaji anasimama mbele ya maikrofoni, anarudia kipande kifupi mpaka maneno yaoane na midomo. Kipande hicho wanakiita *anello*, pete, maana enzi za filamu ya mkanda kiliungwa duara. Kajaribu wewe!

BintiTanga: Fundi, umejibu matusi ambayo hukutukanwa. Mzee anauliza habari ya kurithi.

Kipanga: Mimi linaloniudhi ni Goku mtoto kupewa mwanamke, Patrizia Scianca. Shujaa anaongea kama shangazi!

BintiTanga: Shangazi kakukosea nini? Huko Japani kwenyewe Goku ni Masako Nozawa, mama aliyezaliwa 1936. Ameigiza tangu 1986, mtoto na mtu mzima. Na Scianca huyohuyo ndiye aliyekuwa Zoro wa katuni ya One Piece kule Italia, yule wa panga tatu. Ulimsikia ukatetemeka, leo unamwita shangazi.

Kipanga: Zoro usimguse. Wajapani mali ni yao, wafanye watakavyo. Nazungumzia Italia.

Fundi_Sauti: Ukimpa mvulana wa kweli, sauti inavunjika mfululizo haujafika nusu. Utafanyaje?

Kipanga: Natafuta mwingine.

Fundi_Sauti: Basi Moneta kosa lake nini?

Kipanga: Mwulize Mzee, Moneta sikumtaja mimi.

MzeeWaKatuni: Moneta simchukii, jamani. Nilifika kwa kaka yangu Brescia sijui Kiitaliano hata salamu, nikawa nalala sebuleni, asubuhi wapwa zangu wanawasha televisheni. Maneno yangu ya kwanza ya Kiitaliano yalikuwa “onda energetica”, kwa sauti ya Torrisi. Niliposikia Goku mwingine nilizima, nikatoka nje. Ndiyo maana nimeuliza.

BintiTanga: Pole, Mzee. Ungeanza na hilo.

Kipanga: Ngoja kwanza. Onda energetica ndiyo nini? Lile pigo la Goku ni Kamehameha! Yaani hata hilo walilibadilisha?

Fundi_Sauti: Haya, ameanza tena.