Walioko Australia: Oodnadatta Track inapitika na RAV4?

kijana_wa_ngamiani: Habari zenu wakuu. Niko Adelaide, kaka angu anakuja kutoka Tanga mwezi wa saba na Sydney hataki hata kuisikia, anataka porini kabisa. Nawaza tupande mpaka Marree tufuate Oodnadatta Track hadi Marla, kama kilomita 600 za vumbi, halafu turudi kwa lami kupitia Coober Pedy. Mzee mmoja kazini kaniambia tairi zitaisha huko. Tena kuna cha maana cha kuona au jangwa mwanzo mwisho? Wife kashakataa kuja.

mpoleeee: Nzi. Utaona nzi mkuu 😂

dada_sufuria: Mwezi wa saba nzi wanapungua, baridi ya usiku ndo itawakoma, bebeni mablanketi.

Msafiri wa Zamani: Nendeni, ila Marree msiweke mafuta tu mkasepa. Pale ndo palikuwa kwa wale waswaga ngamia wa karne ya 19, walitoka Afghanistan, Balochistan, India ya enzi zile, wazungu wakawaita wote Waafghani basi. Sufu, unga, vifaa vya waya wa telegrafu, vyote mgongoni mwa ngamia, na treni ya Ghan jina lake limetoka kwao. Reli ilikata mji katikati, wazungu upande huu, Waafghani na wenyeji weusi upande ule, mpaka makaburini wametengwa. Kuna kimsikiti chao kimejengwa upya, kidogo, paa la nyasi, ukipita mbio hukioni.

Oodnadatta treni ilifika 1891 ikaishia hapo hadi 1929 ilipofika Alice Springs, mji wa katikati ya nchi, kabla ya hapo mzigo wote wa kwenda mbele ni ngamia. Malori yalipoingia, jimbo la South Australia likatunga sheria 1925, ngamia asiye na leseni polisi ruksa kumpiga risasi, wenyewe wengi wakaona bora wawaachie porini, ndo hao mtakutana nao barabarani. 1980 reli ikahamishiwa magharibi na vituo vikabaki magofu. Binafsi magofu hayo nayaona bora kuliko Coober Pedy, japo nako nyumba na makanisa chini ya ardhi si mchezo, na opal, yale mawe ya thamani ya pale, iliokotwa 1915 na dogo wa miaka 14 ambaye baba yake alikuwa anatafuta dhahabu.

fundi_geji: RAV4 inapita kukiwa kukavu. Punguza upepo, spea iwe tairi kamili sio ile nyembamba. Mafuta yapo Marree, William Creek, Oodnadatta, kila kipande kama kilomita 200, jaza kila unapoyaona. Mvua ikinyesha barabara inafungwa, ukilazimisha faini yake utalia. Simu mtandao hamna, mkodi simu ya setilaiti.

kijana_wa_ngamiani: Asanteni sana. Hapo William Creek kuna pa kulala au tubebe hema?

fundi_geji: Kuna hoteli moja na sehemu ya kupiga hema, wahi kubuki. Mtakuwa ndani ya ranchi ya Anna Creek hapo, inazidi nusu ya Rwanda kwa ukubwa, ng'ombe wako barabarani, kwa hiyo usiku usiendeshe.

mpoleeee: Na nzi