Kapanda stuli yangu, kang'oa glopu, mama mkwe akiwa na tonge mkononi

Mzee wa Sakiti:

Wakuu habari za usiku, kwa mlio na taa. Mimi naandikia mwanga wa simu, chaji asilimia 31, nikikatika katikati ya sentensi msilaumu mtandao.

Huyu bosi wa shamba mnamjua, msijifanye. Yeyote aliyewahi kukanyaga shamba la mkonge njia hii ya Korogwe anamjua. Pikapu nyeupe, kofia ya pama, daftari kwapani muda wote, nadhani hata kuoga anaoga nalo. Yule ambaye choo anakiita "miundombinu". Simtaji, na najua humu anaingia kusoma. Soma baba, leo ni zamu yako.

Jumanne saa tisa alasiri niliitwa ofisini nikapewa barua. Miaka tisa nimekuwa fundi umeme wao, korona, ile mashine ya kuchakata mkonge, ikizima usiku wa manane naamshwa mimi, mota ikiungua nalaumiwa mimi. Barua ina mistari sita. Mstari wa pili ajira imesitishwa "kwa mahitaji ya kiuendeshaji". Mstari wa tano nikabidhi kota Jumamosi saa sita mchana. Kazi na nyumba karatasi moja! Nimeisoma mara tatu natafuta walipoandika ahsante, nikadhani labda ipo nyuma. Nyuma kuna mhuri umevuja.

Hilo nililimeza. Sasa njooni usiku wa leo.

Mama mkwe yupo kwangu tangu Jumapili, kashuka Lushoto na ndoo ya maplamu kuja kuona mjukuu. Hajui lolote. Mimi na mke wangu tulipatana asijue mpaka apande basi Ijumaa. Tumekaa chini, ugali, dagaa, mchicha. Mama ndiyo kwanza kakata tonge. Hodi! Anaingia yeye, nyuma yake askari wa getini ambaye chai yake ya kila asubuhi anainywa kwangu, leo anatazama ukutani kama hanijui.

"Nimekuja kwa makabidhiano ya awali."

Saa mbili usiku! Kaanza kuhesabu. Milango mitatu, vitasa viwili, sinki moja, kaligonga kwa kidole kama anapima tikiti maji. Kaniuliza sufuria ya ugali ni ya nani. Halafu akainua macho juu.

Kavuta stuli. Stuli YANGU. Kapanda na viatu vyake, kazungusha, giza.

Mama mkwe kwa sauti ya upole: "Mwanangu, umeme umekatika?" Nikadakia, "Ndiyo mama, umekatika." Na yule kiumbe, kutoka kulekule juu ya stuli:

"Haujakatika mama. Nimetoa glopu. Mali ya kampuni. Huyu siyo mfanyakazi wetu tena."

Lile tonge halikufika mdomoni, wakuu.

Na glopu yenyewe nimenunua mwenyewe gulioni shilingi 3,000! Waya nimevuta mimi, holda nimefunga mimi, swichi mimi. Kinyozi mzima nimenyolewa bila maji. Heshima ya ukweni nimeijenga miaka minane, mahari nimemalizia kwa mafungu, yeye kaifungua kwa mizunguko mitatu ya mkono wa kushoto.

"Haujakatika mama." Mama wa nani? Wewe alikuzaa lini?

Kiroboto Mweusi:

Siti ya mbele nimeshawahi. Hayo maplamu yapitishwe huku.

Mama Wawili:

Pole sana kaka. Ila hujatuambia, mkwe alimaliza kula?

Mzee wa Sakiti:

Alimaliza gizani, kimya, nasikia tu dagaa zinavyotafunwa. Kisha akaniuliza taratibu, "Kwa hiyo baba, kazi huna?" Bora angenipiga na mwiko. Mtu anashuka kwenye stuli, anafuta mikono, anaaga "usiku mwema". Usiku mwema upi na glopu iko mfukoni mwako?

Binamu Mchokozi:

Hii chai na sukari imezidi. Fundi umeme, miaka tisa, nyumba nzima ina glopu moja?

Mzee wa Sakiti:

Ya chumbani iliungua.

Binamu Mchokozi:

Lini?

Mzee wa Sakiti:

Pasaka.

Binamu Mchokozi:

Hahahaha wakuu, mwenye kampuni alikuwa na haki. Badilisha na jina humu, uitwe Mzee wa Kibatari.

Wakili wa Kahawa:

Acheni mzaha, mtu ana siku nne. Mkuu, sikiliza. Kama unalipwa kwa mwezi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka notisi isiyopungua siku 28, au ulipwe fedha badala yake. Kiinua mgongo ni mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliotimiza, mwisho miaka kumi. Wewe miaka tisa, hizo siku 63. Halafu kupunguza watu kwa sababu za kiuendeshaji hakuanzi na barua, kunaanza na kuwaita na kushauriana nao. Ulishauriwa?

Mzee wa Sakiti:

Nilishauriwa niwe nimetoka saa sita.

Wakili wa Kahawa:

Basi nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ukajaze fomu namba moja. Kupinga kuachishwa ni ndani ya siku 30, usingoje zifike 29 ndiyo uanze kutafuta kalamu. Na usafiri ni wao: wakurudishe wewe na mizigo yako hadi mahali ulipoajiriwa, na wakupe posho ya kujikimu kwa siku utakazokuwa unasubiri. Uliajiriwa wapi?

Mzee wa Sakiti:

Kwetu Songea. Ila kuajiriwa nilikuja mwenyewe kutafuta, nikahojiwa hapohapo getini.

Kiroboto Mweusi:

Kwa hiyo watakusafirisha mpaka getini 😂😂

Binamu Mchokozi:

Na posho ya kujikimu ya hatua mia mbili. Ununue maji njiani.

Wakili wa Kahawa:

Mnacheka ila wengi wameanguka hapo. Angalia barua ya ajira imeandika umetoka wapi. Na michango yako NSSF ikiwa imefika miezi 18, kaulizie fao la kukosa ajira, theluthi ya mshahara kwa miezi sita. Barua hiyo usiifungie vitumbua, inahitajika.

Mzee wa Sakiti:

Nashukuru wakili. Lakini hiyo sheria inasemaje kuhusu mtu kupanda stuli ya mwenzake na viatu?

Mjukuu wa Manamba:

Mimi naumia kwa namna nyingine. Babu aliletwa kwenye mkonge wa Tanga kutoka Kasulu, enzi za SILABU, ofisi ya waajiri wa mkonge ya kukusanya vibarua. Ndiyo wale walioitwa manamba, mtu anaitwa kwa namba badala ya jina. Alilala kambini, akaoa kambini, akazaa kambini, na nyumba haikuwahi kuwa yake hata siku moja. Alipoishiwa nguvu ya kukata aliambiwa apishe kijana mwenye panga. Mkuu, nyumba ya mwajiri ni sawa na shati la kuazima, ukigombana na mwenyewe unavulia barabarani.

Msoma Zamani:

Mkonge wenyewe uliingia nchini 1893, Mjerumani Hindorf aliagiza miche elfu moja toka Florida, ikafika hai 62. Hiyo 62 ilipokelewa vizuri kuliko wewe. Angalau ilimwagiwa maji.

Ticha wa Zamu:

Jamani na sisi wa shule binafsi tuseme. Wewe umepewa siku nne unalia? Mimi Desemba watoto wamefunga shule, nipo kwenye nyumba ya shule nasahihisha, naletewa ujumbe wa simu kwamba mkataba hautaendelea, na nyumba inahitajika kwa mwalimu mpya. Mwalimu mpya alikuwa ameshafika! Yuko nje na godoro kichwani, ananiamkia shikamoo.

Mama Wawili:

Ulimjibu marahaba?

Ticha wa Zamu:

Ningefanyaje, ana godoro.

Dada wa Uani:

Ticha una godoro, Sakiti una stuli. Sisi mabinti wa kazi za ndani huku Dar tuseme nini? Bosi akisema "kesho usije", mimi nisije kutoka wapi na nalala hapohapo uani? Nilifukuzwa saa nne usiku kwa sababu ya chupa ya chai iliyovunjwa na mtoto wake. Begi langu lilikaguliwa kwa tochi. Nililala stendi.

Mzee wa Sakiti:

Pole sana dada. Angalau wewe walikumulika.

Bint wa Muscat:

Mkimaliza njooni Uarabuni. Huku kazi, chumba na kibali cha ukaazi vyote viko mkononi mwa mtu mmoja. Akikukasirikia hukosi nyumba, unakosa nchi.

Dada wa Uani:

Ila wewe unalipwa riali, usishindane na sisi.

Bint wa Muscat:

Riali gani? Njoo uzione. Mtu hajui huku tunaamka saa ngapi anaongelea riali.

Jirani wa Kericho:

Salamu kutoka Kenya. Huku mashambani kwenye majani chai nyumba ni za kampuni pia, na mashine za kuchuma zilipoingia, mtu anapoteza kazi na paa pamoja. Mwaka 2023 watu walipandwa na hasira wakachoma mashine. Sikuambii uchome kitu, bwana fundi. Nakwambia tu hauko peke yako.

Binamu Mchokozi:

Achome nini, hana hata kiberiti. Angekuwa nacho angewasha mshumaa.

Mama Wawili:

Sakiti, Jumamosi unahamia wapi? Mizigo mingi?

Mzee wa Sakiti:

Kitanda, kabati, meza, na kuku kumi na moja. Banda nimejenga mwenyewe kwa mabati yangu, lakini kalihesabu pia, kaandika "banda 1". Kuku hakuwaandika, nadhani kwa sababu walikataa kusimama foleni. Nimepata chumba kimoja Mombo, mwenye nyumba hataki mifugo. Lakini wakuu turudi kwenye hoja. "Haujakatika mama." Mtu mwenye akili timamu anaweza...

Kiroboto Mweusi:

Ngoja kwanza. Kuku wa kienyeji au chotara?

Mzee wa Sakiti:

Kienyeji. Nasema mtu mwenye akili timamu anaweza kumwambia mkwe wa mwenzake...

Ticha wa Zamu:

Mitetea mingapi?

Mzee wa Sakiti:

Minane, majogoo matatu. Jamani glopu!

Kiroboto Mweusi:

Nachukua mitetea yote kwa elfu kumi na mbili kila mmoja, naifuata mwenyewe Ijumaa.

Mama Wawili:

Elfu kumi na mbili kwa kuku wa Korogwe anayetaga? Unamwibia mtu aliye gizani. Mimi kumi na tano.

Kiroboto Mweusi:

Unajuaje wanataga? Labda nao wamesitishwa.

Binamu Mchokozi:

Wanataga, ila mayai ni mali ya kampuni.

Dada wa Uani:

Mimi nina hamu na hayo maplamu tu. Lushoto siku hizi ndoo shilingi ngapi?

Msoma Zamani:

Msimu unategemea. Na msichanganye plamu na fyulisi kama huyo muuzaji wa pale Mombo, juzi kaniuzia fyulisi mbichi kaniambia ni plamu za Ulaya. Huyo naye anastahili uzi wake.

Mama Wawili:

Yule mwenye ndoo ya bluu? Namjua! Anajaza majani chini!

Mzee wa Sakiti:

Wakuu, chaji asilimia 4. Mama mkwe ameamka, ananiuliza gizani huku naongea na nani. Hivi kuna mtu humu ana glopu ya

Kiroboto Mweusi:

Amekatika. Mama Wawili, kumi na nne, jogoo mmoja juu, tumalizane.