Waliopitia zaidi ya mchezo mmoja wa kupigana, tupeane uzoefu (Lamu, Malindi na Pwani yote)

Mtu wa Langoni

Assalamu alaikum ndugu zangu, na wengine wote hamjambo.

Nimefungua uzi huu kwa jambo lililonipata ambalo sijasikia mtu akilieleza vizuri. Nilianza karate ya mtindo wa Shotokan nikiwa darasa la sita hapa Amu (Lamu). Mazoezi yalikuwa baada ya Alasiri, sakafu ya saruji, miguu mitupu. Nikakaa nayo miaka 11. Kisha kazi ikanipeleka Mombasa, na jirani yangu wa ploti akanikaribisha kwenye judo.

Siku ya kwanza nilishikwa ukosi na mkono wa vazi, na kabla sijawaza lolote nilikuwa natazama dari. Hilo halikunishangaza, maana nilijua nimekwenda kujifunza. Kilichonishangaza kilikuja mwezi wa tatu. Mitupo nilishaijua, mguu uende wapi na nyonga ikae wapi. Lakini nikikabiliwa tu, mwili unajirudisha nyuma nusu hatua, ubavu unageuka, mkono wa kulia unajivuta kiunoni. Miaka yote ile nilikuwa nimeufunza kukaa mbali, kuingia mara moja, kupiga na kutoka. Judo inataka nimsogelee mtu hadi nisikie pumzi zake, kisha nikae papo hapo. Mwalimu wangu alikuwa akiniambia, "Wewe waja kama mgeni aliyesimama mlangoni. Ingia ndani ukae."

Nusu mwaka nilijaribu kuisahau karate. Sikuweza, na nilikaribia kuacha judo. Kilichoniokoa ni mtama. Shotokan ina mtama wa kufagia mguu, nasi tulikuwa tukiurudia hadi vifundo vya miguu vinavimba: unamfagia mtu mguu wake ukiwa karibu kutua, uzito umeanza kuingia lakini haujakaa. Siku moja kwenye mapambano ya mazoezi niliuona mguu wa mwenzangu ukija vile vile, na wangu ukaenda wenyewe. Akaanguka kama gunia la nazi. Judo nayo ina mtama huo huo, wanauita de-ashi-harai, na ule wakati wa kuupiga nilikuwa nimeubeba kutoka Amu bila kujua.

Tangu hapo niliacha kuisahau karate, nikaanza kuitafuta ndani ya judo. Niliporudi nyumbani na kupiga kata zangu za zamani, ile mipangilio ya mapigo ya karate unayoirudia peke yako, ule mkono unaovutwa kiunoni niliuona kwa jicho jingine kabisa. Miaka 11 nilidhani unavutwa ili ngumi ya pili ipate nguvu. Sasa mkono wangu ulikuwa umezoea kushika nguo ya mtu, nikauelewa: umemshika, unamvuta aijie ngumi. Nilisimama peke yangu pale uani nikairudia kata moja mara kumi.

Basi, nawaomba mliopitia mawili au matatu. Mwili wenu ulikataa wapi, na nini kiliwafungulia?

Kijana wa Maweni

Kaka, wa alaikumu salaam. Mimi ni wa Malindi. Miaka 9 ya taekwondo, kisha ndondi.

Kwenye taekwondo ya mashindano ngumi ya uso hairuhusiwi. Ngumi ya kifua ni pointi 1, teke la kiwiliwili 2, la kichwa 3. Kwa hivyo mikono tunaiacha chini, na teke la kichwa likija tunarudisha mwili nyuma, kidevu juu, linapita. Nilikuwa hodari sana wa kurudi nyuma vile.

Nikaingia ndondi na tabia hiyo. Kocha alinitia ulingoni wiki ya tatu na kijana mdogo kwangu kwa umri na kilo. Ngumi ya kwanza ikaja, nikarudisha mwili nyuma, ikapita. Nikafurahi. Ya pili ilinikuta pale pale niliporudia, kidevu juu, mikono mapajani. Sikuanguka, lakini masikio yalilia hadi usiku. Kocha hakunikemea. Alinipa mpira wa tenisi niubane kati ya kidevu na kifua, nikapiga begi hivyo mwezi mzima. Ukidondoka, unaanza raundi upya.

Jambo la pili ni pumzi. Raundi zetu za taekwondo ni dakika 2, za ndondi dakika 3. Dakika moja tu ya ziada. Lakini mwili una saa yake: ikifika dakika ya 2 mimi ndani nimeshamaliza, nasubiri filimbi, na mwenzangu ndio kwanza anaanza kazi.

Kilichonifaa ni miguu. Mabondia wenzangu walikuwa wakiniuliza nawezaje kutoka kona bila kuvuka miguu. Kule kwetu ukivuka miguu unapigwa teke ukiwa huna pa kusimama, basi hilo nilikuja nalo bure. Na kocha, mzee aliyekuwa ulingoni zamani, alipenda kutukumbusha kwamba Robert Wangila aliitwaa dhahabu ya Olimpiki ya ndondi kule Seoul mwaka 1988, mji ule ule taekwondo ilikotoka. Alinitazama mimi akisema hivyo. Nilihisi nina haki ya kuwa pale.

Mwalimu Mzee

Vijana, nawasoma. Nafundisha karate muda mrefu na ninalosema ni kwa mapenzi. Mshika mbili moja humponyoka. Naona watoto wanaonja kila chungu: miezi sita hapa, minne pale, kisha wanajiita wapiganaji wa mitindo mitano. Kaa mahali pamoja hadi mkanda mweusi. Zamani mtu alikuwa na mwalimu mmoja.

Mtu wa Langoni

Mwalimu wangu, shikamoo. La kuonja chungu nakubaliana nawe kabisa, na ndiyo maana nimetaja miaka yangu 11. Mtama ule usingenitoka kama ningekaa na karate miezi minne.

Lakini la mwalimu mmoja, niwie radhi. Jigoro Kano kabla ya kuanzisha judo mwaka 1882 alisoma jujutsu (mapigano ya kale ya Kijapani) za shule mbili tofauti, Tenjin Shin'yo-ryu na Kito-ryu, akachukua la huku na la kule. Gichin Funakoshi, ambaye Shotokan yetu inatoka kwake, alikuwa na walimu wawili Okinawa, Azato na Itosu. Alipofika Tokyo mwaka 1922, Kano ndiye aliyemwalika aonyeshe karate ndani ya Kodokan, nyumba ya judo. Na hili vazi jeupe tunalolivaa, pamoja na ule mkanda mweusi, karate iliazima kwa judo. Kila ninapoufunga nakumbuka hilo. Wazee wetu hawa walikuwa wakitembeleana, Mwalimu, nami naona tukitembeleana hatuwavunjii heshima.

Mwalimu Mzee

Marahaba mwanangu. La vazi sikulipinga. Endeleeni, nasoma.

Dada wa Watamu

Mimi nilianza na taekwondo shuleni, nikaacha nilipoolewa, nikarudi nikiwa na watoto wawili. Taekwondo ilinikubali na hijabu yangu, naivaa chini ya ile kofia ya kinga na mambo yanakwenda. Kisha mke wa mfanyakazi mwenzangu, aliyeishi Ulaya miaka mingi, akarudi na jiu-jitsu ya Brazili. Tukawa wanawake wanne, ua wa nyumba, magodoro ya sponji yaliyofunikwa turubai, mlango umefungwa, waume zetu wanajua tuko wapi.

Ndugu zangu wanaume, nyinyi mmeandika kuhusu masafa. Niwaambie la mwanamke. Taekwondo ilinifunza kumweka mtu mbali kwa mguu wangu, na niliipenda kwa hilo hasa. Hofu yangu yote tangu msichana ni mtu mzito kuniwekea uzito wake juu. Sasa jiu-jitsu, somo la kwanza kabisa, ni kulala chali na mtu akae juu yako. Nilisimama nikaenda kukaa barazani. Nililia, na yule dada akaja akakaa kando yangu bila kusema neno.

Wiki iliyofuata alianza upya na mimi. Akakaa juu yangu na uzito kidogo, akaniambia nisifanye kitu, nipumue tu hadi nihesabu 20. Siku ya pili uzito zaidi. Alinionyesha kwamba nikimpiga mkono mara mbili ananiachia papo hapo, na kweli kila nikigonga ananiachia, hata katikati ya neno. Baada ya miezi miwili nilikuwa natoka chini yake: nainua nyonga, nauziba mguu wake, nageuka. Ana kilo 20 zaidi yangu.

Baadaye nilisoma kwamba jiu-jitsu ile ina asili kwa huyo huyo Kano mnayemtaja. Mwanafunzi wa Kodokan, Mitsuyo Maeda, alifika Brazili mwaka 1914, na watu wa kule wakaendeleza zaidi mapambano ya chini. Nilifurahi kujua, maana nilidhani nimehama nyumba kumbe nimeingia chumba cha pili.

Teke langu halijafa. Lakini zamani nilipiga teke kwa hofu ya kukaribiwa, na lilikuwa linatoka mapema mno, kabla mtu hajafika. Siku hizi namngoja afike.

Goti la Kushoto

Nitasema kifupi. Judo Jumatatu na Jumatano, ndondi Jumanne na Alhamisi, karate Ijumaa na Jumamosi. Nilikuwa na miaka 23. Kila mwalimu aliniona siku mbili na kudhani napumzika siku tano. Hakuna aliyejua hesabu nzima isipokuwa mimi, nami nilijivunia. Goti liligeuka kwenye mtupo mwepesi kabisa, mguu umechoka umebaki chini mwili unazunguka. Mwaka mmoja sikukimbia. Ukifanya miwili, mwambie kila mwalimu habari za mwenzake, hata kama unaona haya.

Mjukuu wa Mkomani

Nimengoja nione kama kuna atakayetaja kirumbizi, mchezo wetu wa fimbo. Hakuna! Na sisi ni watu wa Lamu.

Babu yangu alikuwa mchezaji. Siku za Maulidi zumari likilia na ngoma zikikolea, wawili wanaingia uwanjani na fimbo, mmoja anapiga, mwenziwe anakinga, na watu wanajua nani ni nani hata kabla fimbo hazijagusana. Mimi nilikuwa na mkanda wa kahawia wa karate na nikaona kirumbizi ni ngoma ya wazee. Likizo moja nilimwambia babu anipe fimbo tucheze. Alikuwa na zaidi ya miaka 70.

Fimbo yake ilikuwa inasimama upana wa kidole kutoka sikioni mwangu. Kila mara. Hakunigusa hata mara moja, na sikuweza kuikinga hata mara moja. Nilikuwa naitazama fimbo, na fimbo ni ya haraka kuliko jicho. Akaniambia, "Mwanangu, fimbo haina mato (macho). Mwenye mato ni yule." Nikaanza kumtazama yeye, kifua na mabega, fimbo nikaiacha ije yenyewe.

Lakini la pili ndilo lililobadilisha karate yangu. Babu alikuwa akigonga mdundo kwa ulimi muda wote tunaocheza. Mimi nikapiga kwa mdundo ule, yeye akakinga kwa mdundo ule ule, tukaenda hivyo. Ghafla akapiga kati ya midundo miwili, pale ambapo hakuna ngoma, nami nilikuwa bado nangoja. Akanirudia hivyo wiki nzima hadi nikausikia upenyo ule.

Rudi sasa kwenye kumite, mapambano ya karate. Kila mtu anarukaruka, na kila mtu ana ngoma yake: tatu-mbili, tatu-mbili. Watu hawajui kwamba wanapiga ngoma. Mimi nasimama, nasikiliza, naingia mahali pasipo na mdundo. Mwaka ule nilifika fainali ya mashindano ya Pwani, na kocha wangu akaniuliza nimejifunza wapi kuingia vile. Nikamwambia kwa babu, Mkomani. Alidhani babu ni mwanakarate.

Babu ametangulia mbele ya haki. Naumia kwamba nilimwendea likizo tatu tu. Wenye wazee wanaocheza, waendeeni sasa, msingoje Maulidi ijayo.

Mtu wa Langoni

Allah amrehemu babu yako. Nimekusoma mara tatu. Mimi nimekulia Langoni nikipita pale uwanjani kila mwaka, na sikuwahi kushika fimbo ile.

Dada wa Watamu

Amin. Swali moja kwa wa Lamu: mnaangukia wapi? Magodoro yetu yanateleza na sponji imeshakwisha, na mikeka ya judo bei yake haishikiki kwetu.

Mtu wa Langoni

Dada, tulifanya hivi. Matondoni wanakojenga majahazi, vumbi la mbao ni jingi na mafundi wanakuruhusu uzoe. Tulizoa magunia 30. Tukapanga matairi mabovu yakafanya mraba wa mita 5 kwa 5, tukajaza vumbi likafika juu ya matairi, tukalikanyaga watu wanane kwa nusu saa, tukaongeza tena. Juu tukavuta turubai zito na kulifunga kwa kamba pande zote nne, likakaza kama ngozi ya ngoma. Likilegea linakukunjia kidole cha mguu, kwa hivyo tunalikaza kila kabla ya mazoezi. Vumbi liwe kavu kabisa, na lichekechwe kwanza maana misumari haikosekani. Mvua za masika funika, la sivyo linavunda.

Mjukuu wa Mkomani, Ijumaa baada ya Alasiri tuko pale. Njoo na fimbo mbili.