Naomba ushauri: niuze hedifoni zangu za HD 650 ninunue nyingine, au nizitengeneze kwa fedha kidogo niliyo nayo?

Sikio Makini aliandika:

Wakuu, salaam. Nina hedifoni za Sennheiser HD 650 ambazo nimezitumia kwa zaidi ya miaka minane, na katika miaka hiyo sikuwahi kuzichoka mpaka miezi hii michache iliyopita. Husikiliza usiku, nyumba ikishatulia, kwa sehemu kubwa kwaya, piano na ala za nyuzi, nikiwa nimezichomeka moja kwa moja kwenye kompyuta mpakato au kwenye simu kwa ile adapta ndogo ya USB-C. Nilizinunua baada ya kujinyima kwa muda mrefu, ndiyo maana jambo hili linanikosesha raha sana.

Hali yenyewe ni hii. Waimbaji wanne ambao zamani niliwasikia kila mmoja amesimama mahali pake, sasa wanasikika wamebanana katikati ya kichwa. Sikio la kushoto linakatakata kila nikigeuza shingo, na noti za chini za piano zinaleta mtetemo mbaya upande huohuo, kama nyuki aliyefungiwa ndani ya kopo. Sponji za masikioni zimelala kabisa, kiasi kwamba sikio linagusa kitambaa cha ndani. Waya nao niliwahi kuupitishia gurudumu la kiti, na hilo ni kosa langu mwenyewe.

Nimempata mtu anayeuza hedifoni za HIFIMAN Sundara zilizotumika kwa bei ya haki. Nikiuza HD 650 katika hali yake ya sasa na kuongeza akiba yangu yote nitazipata, lakini sitabaki na kitu cha kununulia amplifaya, yaani kifaa cha kuzipa hedifoni nguvu. Nisipouza, akiba inatosha ama amplifaya ya kawaida, ama sponji na waya mpya na kubakiwa na kiasi kidogo, ila si vyote viwili. Nimekuwa nikiamini kwamba spika ya kushoto inakufa, na kwamba kuzitengeneza ni kutupa fedha. Naomba mnisaidie kufikiri kabla sijamjibu muuzaji.

Fundi Waya alijibu:

Mkuu, usimjibu muuzaji leo. Dalili ulizozitaja ni tatu, na umezifunga katika kifurushi kimoja na kukipa jina la spika inayokufa, ilhali kila moja inaweza kuwa na chanzo chake.

Anza na huko kukatakata, kwa sababu kukipima hakugharimu kitu. Waya wa HD 650 unachomolewa kwenye kila kikombe, yaani sehemu inayofunika sikio. Chomoa pande zote mbili kwa kushika plastiki, usivute waya wenyewe, kisha hamisha: ule wa kushoto uchomeke kulia, na wa kulia kushoto. Utaona kwamba pini moja ni nene na nyingine ni nyembamba, kwa hiyo hazikubali kuingia kinyume, usilazimishe. Vaa, cheza wimbo, geuza shingo. Tatizo likihamia sikio la kulia, kosa liko kwenye waya au kwenye chombo ulichochomekea, na kwa habari ya lile gurudumu mimi naushuku waya. Likibaki kushoto, ndipo tutazungumza habari ya kikombe.

Ule mtetemo wa noti za chini ni jambo jingine, na hapa nakuomba uwe na subira, kwa maana nimeona watu wakiuza hedifoni nzuri kwa sababu yake. Mara nyingi ni unywele. Hedifoni hizi ziko wazi, kwa hiyo unywele mmoja hupenya kwenye wavu, ncha yake ikaegemea ule utando mwembamba unaotoa sauti, na kila besi inapousukuma utando, unywele unaugonga. Sauti yake ni hiyohiyo uliyoieleza. Chomoa sponji taratibu kwa kuanzia ukingo mmoja, kwa kuwa imeshikiliwa na pete ya plastiki. Ondoa kile kitambaa cha duara kilicho chini yake. Kisha mulika wavu kwa tochi ukiwa umeinamisha kikombe, ili mwanga uje kwa upande. Ukiuona, uchukue kwa koleo ndogo ya nyusi. Usipulize kwa pampu wala usitumie mashine ya kufyonza vumbi, kwa sababu utando ni laini mno na nyaya zake ni nyembamba mno.

Kuhusu sponji sina la kupima. Sponji ikilala, sikio husogea karibu na spika, nafasi ya hewa kati yake hupungua, na mlingano wa sauti hubadilika. Hedifoni ulizozinunua miaka minane iliyopita si hizo unazozisikia sasa.

Mwana wa Besi alijibu:

Mimi ninazo Sundara na ninazipenda, kwa hiyo nitasema upande wa pili ili mwenye uzi asikie yote. HD 650, hata zikiwa mpya kabisa, besi yake ya chini kabisa hupungua. Noti ya chini ya ogani utaisikia kwa kuifahamu zaidi kuliko kwa kuihisi. Sundara zinatumia utando bapa unaosukumwa na sumaku katika eneo lake lote, na besi yake inashuka chini bila kupotea hivyo. Ukizoea, ni vigumu kurudi nyuma.

Hata hivyo sikubaliani na mpango wa kuuza vitu katika hali mbovu. Ukiuza sasa, mnunuzi atakata bei ya sponji, ya waya na ya hofu yake juu ya ule mtetemo, na makato hayo yatazidi gharama ya kuvirekebisha. Zitengeneze kwanza hata kama nia yako bado ni kuuza. Na ukifikia kununua zilizotumika za mtu yeyote, omba uzisikilize kwa sauti inayopanda polepole kutoka hezi 20 hadi hezi 20,000, yaani kutoka sauti nzito kabisa hadi nyembamba kabisa. Mtetemo uliojificha na upande uliofifia hujitokeza hapo, si kwenye wimbo uupendao.

Mpima Volti alijibu:

Naomba niingie kwenye suala la amplifaya, kwa kuwa ndilo linalokula akiba za watu wengi bila wao kujua wanalipia nini.

HD 650 zina ukinzani wa omu 300, na hutoa takriban desibeli 103 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) zikipewa volti 1. Adapta ndogo ya kawaida ya USB-C hutoa volti 1 hivi sauti ikifunguliwa mpaka mwisho. Kwa hiyo vilele vya muziki wako, yaani sehemu zenye sauti kubwa kabisa, vinafika 103. Nyimbo za kisasa zilizorekodiwa kwa nguvu, wastani wake hukaa karibu sana na vilele, na kwa msikilizaji wa nyimbo hizo adapta hiyo inatosha na kuzidi. Wewe unasikiliza kwaya na ala za nyuzi, ambako wastani unaweza kuwa desibeli 20 chini ya vilele, yaani 83. Kwa usiku uliotulia, hilo linatosha bila shaka. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 za wiki, na kila zinapoongezeka 3 muda huo hupungua kwa nusu, basi usitamani zaidi ya hapo kwa muda mrefu.

Sasa linganisha na Sundara. Zina omu 37 na hutoa desibeli 94 kwa miliwati 1. Kufikia kilele cha desibeli 110 zinahitaji miliwati 40, ambayo ni volti 1.2 na mkondo wa umeme wa miliampea 33. HD 650 kwa kilele hichohicho zinataka volti 2.2, lakini mkondo wake ni miliampea 7 na nusu tu. Maana yake ni kwamba HD 650 zina kiu ya volti, na Sundara zina kiu ya mkondo, zaidi ya mara nne. Adapta yako inazihudumia HD 650 vizuri kuliko unavyodhani, Sundara zitaitesa. Ukizinunua bila kubakiwa na fedha ya amplifaya, utakuwa umenunua nusu ya kitu.

Ukiona sauti haitoshi, zipo adapta ndogo zinazotoa volti 2. Volti zikiwa mara mbili unapata desibeli 6, na bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya amplifaya ya mezani. Sioni sababu ya wewe kununua zaidi ya hiyo.

Sikio Makini aliandika:

Nawashukuru sana. Nimehamisha waya kama Fundi alivyoelekeza, na kukatakata kumehamia sikio la kulia papo hapo. Kwa hiyo ni waya. Mtetemo haukuhama, umebaki kushoto. Sponji nitazifungua usiku huu nikiwa na mwanga mzuri, maana mikono yangu inatetemeka nikifikiria huo utando. Wakati huo, je, suala la besi aliloeleza Mwana wa Besi linaweza kutibiwa kwa ikwalaiza, yaani programu ya kuinua au kushusha besi na sauti nyingine?

Pambanua alijibu:

Linaweza, kwa kiasi. Kwa kompyuta ya Windows kuna programu ya bure iitwayo Equalizer APO, na kwa simu za Android kuna Wavelet. Mipangilio iliyokokotolewa kutokana na vipimo vya hedifoni nyingi, HD 650 zikiwamo, inapatikana bure katika mradi wa AutoEq. Mingi kati yake inaelekea mstari, yaani mlingano unaolengwa, uliotokana na utafiti wa Sean Olive na wenzake wa kampuni ya vifaa vya sauti ya Harman, ambao waliwasikilizisha watu wengi na kutafuta mlingano wanaoupenda.

Nakutahadharisha mambo mawili. La kwanza, ukiinua besi kwa desibeli 5 ni lazima ushushe kiwango cha jumla kwa desibeli 5 au zaidi kidogo ndani ya programu hiyohiyo, la sivyo vilele vitakatwa na utasikia mkwaruzo. Hapo ndipo hesabu ya Mpima Volti inabadilika: zile 83 zinakuwa 78, na adapta ya volti 2 inakuwa na kazi ya kufanya. La pili, usifuate marekebisho ya juu ya hezi 8,000 kama yalivyoandikwa. Katika eneo hilo umbo la sikio lako na namna ulivyovaa vina nguvu kuliko kipimo kilichofanywa kwenye sikio la bandia. Mimi huchukua marekebisho ya chini na ya kati, nikaacha ya juu kama yalivyo.

Nawe usilirekebishe lolote mpaka sponji mpya zifike. Mipangilio ile ilipimwa kwa sponji zilizosimama. Ukiiweka juu ya sponji zilizolala utakuwa unatibu mgonjwa mwingine. Na unapolinganisha kabla na baada, hakikisha viwango viko sawa, kwa sababu sikio la mwanadamu huchagua chenye sauti kubwa zaidi na kuamini kwamba limechagua kilicho bora.

Sikio Makini aliandika:

Wakuu, narudi na mrejesho baada ya wiki tatu.

Ulikuwa unywele. Nilimulika kwa upande kama nilivyoambiwa na dakika za mwanzo sikuona kitu, mpaka nilipoinamisha kikombe zaidi na kitu chembamba kikameta: kipande kifupi kilichopinda, ncha moja nje ya wavu na nyingine ndani. Kilitoka kwa mguso mmoja wa koleo. Nilicheza palepale ule wimbo wa piano uliokuwa ukinitesa, na noti za chini zilikuja safi, nikabaki nimekaa sakafuni na tochi mkononi mpaka wimbo ukaisha. Karibu niuze hedifoni zangu kwa sababu ya unywele.

Waya na sponji vimefika. Sponji mpya zilinibana siku za kwanza, lakini sikio haligusi tena ndani, na wale waimbaji wanne wamerudi mahali pao. Yule wa sauti ya pili nasikia anavyovuta pumzi kabla ya beti, upande wa kulia, nyuma kidogo ya wenzake. Nimeinua besi kwa desibeli 4 tu na kushusha jumla kwa 5. Kwa nyimbo za kwaya zilizorekodiwa kwa sauti ya chini nafungua adapta mpaka mwisho na natamani nafasi kidogo zaidi, kwa hiyo kiasi kilichobaki nakiweka kwa ajili ya adapta ya volti 2. Muuzaji wa Sundara nimemwandikia kwa heshima kwamba sitazichukua.

Mwana wa Besi alijibu:

Nimefurahi kwa dhati, na sina kinyongo kwa niaba ya Sundara. Jambo moja la mwisho: chukua kalamu ya wino usiofutika na uandike tarehe ndani ya pete ya plastiki ya kila sponji. Kulala kwake ni kwa polepole mno na sikio hulizoea, na siku utakapoanza tena kuhisi kwamba waimbaji wamebanana, fungua hapo usome tarehe kabla ya kutafuta muuzaji.

Fundi Waya alijibu:

Na ule waya wa zamani usiutupe. Tafuta ulipovunjika na uukate hapo. Mara nyingi ni sentimita chache tu kutoka mahali gurudumu lilipopita, na ukilehemu pini mpya kwenye kipande kilicho kizima utakuwa na waya mfupi wa akiba kwa ajili ya kusikilizia kwenye simu.